Mzimu Wangu wa Korongoni

Kama kuna mtu hapa Itetemia anayestahili kuchekwa, ni mimi Zamda, muuza vitumbua mstaafu. Nicheke mapema, tumalize.

Chanzo ni muuguzi wa zahanati. Aliniambia sukari yangu haishuki kwa maneno, nitembee kila asubuhi. Kutembea barabarani kulinishinda, maana kila nyumba nasimama kusalimu, na kila salamu ina chai ya sukari. Nikaamua kupita korongoni, nyuma ya nyumba zetu, ambako hakuna wa kunikaribisha. Nimeishi mtaa huu tangu niolewe, na huko sikuwahi kushuka ila kumwaga taka, kama wenzangu.

Chini ya mkuyu mkubwa nikaikuta chemchemi. Maji yanatoka chini ya jiwe, kidogo kidogo, meupe, na juu yake pampasi, mifuko ya plastiki na kandambili moja isiyo na mwenzake. Sijui nini kilinipata. Nilikunja gauni nikaingia. Kesho yake nikarudi na reki. Chemchemi ile niliipenda kuliko nilivyompenda marehemu mume wangu Saidi, Mungu amrehemu, maana yeye alikuwa akijibu.

Lakini watu wetu bwana, usafi wao unaishia uani. Ua umefagiwa mpaka unaona haya kukanyaga, na taka zote zimevushwa upande wa pili wa uzio. Nilisafisha, wakamwaga. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwasihi, wakaniitikia vizuri, wakamwaga. Nikafoka, na sauti ninayo, nimeuza vitumbua stesheni. Wakangoja niende sokoni, wakamwaga. Mvua nyingine moja tu na chemchemi ingefukiwa isionekane tena.

Ndipo akili yangu, ambayo kwa bahati mbaya sukari haijaigusa, ikaleta wazo. Nilitoa kaniki kuukuu sandukuni, nikaifunga kwenye tawi la mkuyu. Chini yake nikaweka chungu kilichopasuka, nikanyunyiza unga. Mtu wa Tabora, awe anatoka msikitini au kanisani, akiona hivyo anajua hapo pana mwenyewe: hatupi kitu, hakati mti, hakojoi. Kisha nikapita kwa wauza mboga nikinong'ona kwamba enzi za misafara mpagazi mmoja alifia pale na mzigo wake kichwani, na mpaka leo hataki kusumbuliwa. Mpagazi huyo nilimtunga njiani, kati ya kibanda cha kwanza na cha pili.

Haikupita wiki, taka zikakoma. Maji yakajaa, vyura wakarudi, na mimi nikawa natembea nimenyoosha shingo kama diwani. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia na reki mkononi.

Watu wakaanza kuleta sadaka. Kwanza yai moja, halafu mayai, halafu manyoya ya kuku na vibuyu vya pombe. Badala ya kuzoa pampasi nikawa nazoa matambiko, na matambiko yananuka zaidi. Baba mmoja, Eliya, akafunga safari kutoka Puge na jogoo kwapani, kaelekezwa moja kwa moja nyumbani kwangu. Akanipa shikamoo ya heshima zote, akasema amemwota yule mpagazi: mtu mrefu, ana kovu shavuni. Nikajikuta namuuliza shavu gani.

Binti yangu Shamimu hakucheka. Wenzake wa darsa walikuwa wakimuuliza mama yake anapokea wateja siku zipi. Akaniuliza, nimesali miaka yote hii ili nizikwe nikiitwa mganga? Niifungue ile kaniki, niseme ukweli. Nami nilijua nikiifungua, pampasi zinarudi kabla jua halijazama. Nisipoifungua, chemchemi inafia kwenye mayai viza, na jina langu linaifuata. Nilitamani mpagazi awepo kweli, nimwachie kazi yake.

Ijumaa asubuhi nikaona liwalo na liwe, nikashuka na kisu kuikata ile kaniki. Kabla sijafika nikasikia mtu analia. Juu ya jiwe, chini ya mkuyu, alikaa Mwanamkuu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, shoga yangu tangu usichana. Mumewe, Awadhi, amepoteza kumbukumbu. Siku nyingine humwita dada, siku nyingine humfukuza chumbani akidhani ni mwizi. Nyumba yao imejaa mawifi na wajukuu, na katika wote hao anayecheka sana ni Mwanamkuu. Nilijua amekuja kumwomba mpagazi wangu amrudishie mume, na mpagazi wangu ni uongo mtupu.

Nikaketi kando yake nikamweleza yote, kaniki, chungu, wauza mboga. Nililia kuliko yeye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashika pindo la kaniki. "Zamda, hiki kiraka nilikishona mimi, ulipojifungua Shamimu. Nilikijua siku ya kwanza."

"Sasa unakuja kuomba nini?"

"Siombi kitu. Kwangu sina pa kulia. Hapa hakuna anayethubutu kunifuata."

Nilikitazama kisu changu, nikaona aibu. Nilijiona mjanja niliyedanganya mji mzima. Kumbe rafiki yangu amekaa ukutani kwangu muda wote huo, na mimi sikuwahi kumsikia akilia.

Kaniki ingali pale. Nimetangaza kwamba mpagazi hataki tena mayai, anataka watu wazoe taka. Wengine wanatii, wengine bado wanaleta mayai. Shamimu amenuna, na kwenye darsa imeshathibitika kuwa waganga sasa ni wawili, mimi na Mwanamkuu. Mwanamkuu akishuka kwenye jiwe, mimi hukaa juu, njiani, na reki yangu. Juzi Eliya alikuja tena na jogoo mwingine. Nikamwambia kwa sauti nzito kwamba leo mpagazi ana mgeni. Akarudi kinyumenyume. Nilingoja mpaka Mwanamkuu akamaliza, akanawa uso kwa maji ya chemchemi, tukapanda wote nyumbani.