Leo meseji haikuja

Leo nimefuta mstari mmoja tu kwenye seva, na mpaka sasa bado nauwaza.

Mnaijua ile programu yetu ya JavaScript inayotuma meseji kwa familia za mabaharia wa Kasanga, kule Ziwa Tanganyika? Kila asubuhi inawaambia kwamba boti bado haijafika; ikishafika, meseji zinakoma.

Basi nimekaa ofisini hapa Sumbawanga, baridi lake mnalijua, nafungua faili la mipangilio. Nakuta boti iliyozama masika bado imo! Watu wake hawakuonekana hata mmoja.

Yaani muda wote huu mashine imekuwa ikiziandikia familia zao: "Boti bado haijafika."

Roho iliniuma. Nikaifuta ile boti, nikaiwasha programu upya. PM2, ile inayosimamia programu kwenye seva, ikaonyesha kijani, logi safi, hakuna kosa.

Nikajipongeza kabisa. Nikamimina chai.

Simu ikaita. Mama Oresta, ambaye mumewe alikuwa fundi injini wa boti ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo ile meseji haijaja." Sauti yake ilikuwa juu, kama ya msichana. "Wamefika?"

Jamani.

"Hapana mama. Hawajafika."

 

"Basi msiache kunitumia, mwanangu. Ikija najua bado yuko njiani."

Nimeirudisha boti kwenye mipangilio. Imewaka kijani tena, na kesho asubuhi meseji itamfikia.

Nyie mngeweza kuifuta?