Meno Kwenye Kikombe cha Fedha

Fundi Sirili wa Majengo, pale Moshi mjini, alikuwa na ugonjwa usio na dawa: vyombo vikuukuu vya fedha. Miaka ile ya tisini watu wanagombania plastiki mpya sokoni, yeye anasifia bakuli la sukari lililochoka! Ataligonga kwa ukucha, alitegee sikio, kisha atabasamu peke yake. Majirani walimcheka weee, mpaka wakachoka. Mke hana, wazazi hakuwajua, alilelewa na masista. Kila Krismasi, mji mzima ukihamia mlimani kwenye vihamba, mashamba ya migomba ya ukoo, Sirili alibaki na vyombo vyake.

Siku moja Bibi Esther akashuka kutoka Mwika na kikombe kidogo cha fedha, cheusi tii, ambacho mama yake alipewa na mke wa mchungaji wa Kijerumani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nisugulie hiki, kitukuu changu anabatizwa Jumapili."

Moyo wa Sirili ukaruka. Akakisugua kwa majivu na ndimu mpaka maua yaliyochongwa ubavuni yakajitokeza moja moja. Lakini ukingo, masikini, ulikuwa na vishimo vishimo! Si unawajua mafundi? Akachukua nyundo ndogo, akagonga taratibu, akapiga msasa, ukingo ukawa laini. Akajisifu kwa sauti.

Ijumaa bibi alikuja, akapitisha kidole ukingoni. Akapitisha tena. Akaketi.

"Meno yako wapi?"

"Meno gani, bibi?"

"Ya wanangu! Wote saba waliota meno wakiking'ata hiki. Wawili nimewazika. Alama zao ndizo nilizobaki nazo."

Akachukua kikombe, akaondoka bila kuaga. Sirili alitamani ardhi ipasuke aingie.

Jumapili akapanda Mwika. Njiani akaomba kihambani kwa watu jani la isale, lile la kuombea msamaha, ambalo Mchagga akiletewa hana ujanja wa kukataa. Akakuta sherehe imepamba moto, mbege, pombe ya ndizi, inazunguka. Akapiga magoti mbele ya bibi, watu wote wakimtazama.

Bibi akalipokea jani. Akamkazia macho mpaka jasho likamtoka fundi wa watu. Kisha akamtuma mjukuu wake Hilda alete kikombe.

"Uma."

"Niume, bibi?"

"Si wewe uliyefuta? Basi anza wewe."

Sirili akauma kwa nguvu zake zote, nusura jino ling'oke, watu hoi kwa kicheko. Bibi akapitisha kidole ukingoni, akakikuta kishimo. Ndipo akampa kitukuu, naye akakivamia kwa fizi zake bila kukaribishwa.

"Haya," bibi akasema, akimwinua Sirili kwa mkono. "Kikombe hiki huumwa na watoto wangu tu. Krismasi usinichelewee."