Jiwe la Dokta Umutesi

Nimechoka, lakini kosa ni langu. Nasafisha maabara moja hapa Kicukiro, ambako Dokta Umutesi hubana mawe ya volkano kati ya almasi mbili na kuyapasha joto kali, ajue hali ilivyo chini kabisa ardhini. Jumamosi nilitoka umuganda, ule usafi wa mtaa, nikaingia na ari ileile kufuta meza zote.

Jumatatu Dokta akaja akilia. "Mzee, jiwe langu silioni! Kazi ya mwaka mzima!"

"Mwizi yumo humu," nikasema, nikapekua mifuko ya wanafunzi wake.

"Mzee, na viatu tuvue?"

"Vueni! Dokta, lina ukubwa gani?"

"Dogo kuliko punje ya chumvi. Lilikuwa juu ya kioo hiki, mezani."

Macho yote yakahamia kwenye kitambaa begani mwangu, nilichokifua asubuhi hiyo kwa sabuni.