Nilivyoijua Tukuyu yote kwa vichochoro kwa sababu ya baba mkwe, mpaka siku nilipopita barabarani

Wakuu, salamu kwenu nyote, mliopo kazini na mliojificha chooni na simu.

Juzi kuna jamaa kaanzisha uzi humu kwamba wanawake hatujui kuelekeza njia. Eti ukituuliza stendi iko wapi tunakwambia "pale kwenye ule mti". Mkacheka kurasa nne nzima. Nilizisoma zote, nikanyamaza. Leo nimeamua kujibu, na jibu langu ni refu, kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sio shoga yangu, sio jirani. Majina tu ndio nimebadilisha, kwa sababu wahusika wengine wapo na tunaonana misibani.

Twende.

Mimi ni Mnyakyusa wa damu ila nimekulia Tabora, baba alikuwa mtu wa reli. Niliolewa Tukuyu miaka ya tisini, enzi ambazo ruksa ya biashara imekolea na kila mwenye dirisha linalotazama barabara kaligeuza duka. Mume wangu, nimwite Ambakisye, ni fundi seremala. Mtu mpole, mpole mpaka inakera. Tulikuwa tunakaa nyumba ya nyuma kwa wazazi wake, kule bondeni.

Wiki ya kwanza tu mama mkwe akaniita jikoni. Kiswahili chake kilikuwa cha shida, lakini siku ile nilimwelewa kila neno.

"Gwe mwana, baba yako mkwe humwangalii. Hukutani naye. Ukimwona balabalani, wewe unashika njia nyingine. Ukikosa njia, unajificha."

Nikadhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Haukuwa utani. Kwa Kinyakyusa inaitwa ukutila, mkamwana kumkwepa baba mkwe. Usimtazame usoni, usitaje jina lake, usikutane naye njiani. Miaka ile familia nyingi, hasa za kanisani, zilishaanza kulegeza. Ukoo nilioolewa mimi haukuwa umelegeza hata fundo moja. Hata pale nyumbani ratiba ilipangwa, nikiwa uani yeye yuko ndani, akitoka ndani mimi niko shambani.

Kijijini kama Kisondela huko hii kitu inawezekana. Migomba ipo kila upande. Ukisikia mzee anakohoa unajitupa shambani, anapita, unatoka, unaendelea na ndoo yako.

Mjini je?

Sasa sikilizeni. Baba mkwe alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika moja la umma. Akarudi na mafao yake, akafungua duka la mafuta ya taa, betri, sigara na sabuni. Wapi? Kwenye kona. Ile kona ambapo njia ya kutoka kwetu bondeni inakutana na barabara kubwa ya mjini. Njia ya sokoni inaanzia pale, ya stendi inaanzia pale, ya posta hivyo hivyo. Na mzee alikuwa bado na mazoea ya kazi ya serikali. Kabla hakujapambazuka vizuri ameshatoa benchi barazani, amekaa na kikombe chake cha chai.

Yaani mtu mmoja katika mji mzima ambaye sitakiwi kuonana naye, kaenda kukaa mahali ambapo mji mzima lazima umpite.

Wifi yangu Tumpe alinifundisha njia kwa siku mbili, kama mtu anayefundishwa udereva. Kwenda sokoni: shuka mtoni, vuka kwenye magogo, panda nyuma ya mashine ya kusaga, pita kati ya choo cha baa na ukuta wa mwenye mbao. Kwenda posta: zunguka shamba la mahindi, fuata mfereji, utatokea dirisha la nyuma. Kwenda stendi: pita uani kwa Mama Zuhura, mbele kidogo ya msikiti, muage, toka mlango wake wa pili.

Kwa hiyo mimi Tukuyu niliijua kwa mgongo. Duka nililijua kwa mfereji wake wa maji machafu. Kanisa nililijua kwa jiko lake. Kuna majengo niliyapita mwaka mzima bila kujua mbele yamepakwa rangi gani.

Siku moja kuna kijana mgeni, kavaa suti, akaniuliza njia ya stendi. Nikamwelekeza kwa roho safi kabisa njia niliyoijua mimi. Jioni nikasikia mjini kuna mtu wa ukaguzi kaingia stendi kwa kutokea kwenye migomba ya watu, kiatu kimoja hana. Sikumjibu vile kwa dharau. Ndiyo ramani pekee niliyokuwa nayo.

Basi, baada ya mwaka hivi nikapata kazi.

Nilikuwa na Form Four yangu, na kuna kampuni moja binafsi ilikuja kununua mazao kwa wakulima. Kahawa, msimu wake ukiisha, maharage. Wakataka karani wa mizani. Tuliomba wengi, nikachukuliwa mimi na wanaume wawili. Wakuu, ile furaha sijui niieleze vipi. Nilikuwa nimeanza kuona maisha yangu yote yataishia nyuma ya mashine ya kusaga.

Masharti yalikuwa haya. Gari la kampuni linapakia watu saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda vituoni, leo Mpuguso, kesho Kisondela. Mwezi wa kwanza ni majaribio. Ukiachwa na gari mara tatu, umejifuta kazi mwenyewe.

Na gari linapakia wapi? Mnajua jibu. Mbele ya benchi la baba mkwe. Dereva alikuwa ananunua sigara pale. Nilimwomba anipakie chini kidogo, akasema, "Dada, mimi sio teksi."

Nikapata mbinu. Napita kwa Mama Zuhura, natokea ubavu wa gari usiotazama duka, napanda kwa nyuma na khanga kichwani. Gari lenyewe ndilo linanikinga. Mama Zuhura alikuwa anauza vitenge na mitumba, mwanamke wa watu, hakuwahi kunifungia mlango. Ila alikuwa ananishangaa.

"Shoga, sisi kwetu baba mkwe unampa shikamoo, anakuuliza hali, yameisha," aliniambia. "Haya pita, usije ukaachwa."

Tatizo likawa ujenzi. Ruksa ile ile. Kila mwenye upenyo wa hatua tatu kati ya nyumba na nyumba akagundua unatosha fremu moja ya duka. Wiki ya pili ya kazi napanda nyuma ya mashine, nakuta ukuta wa tofali mbichi umekata njia. Nikarudi, nikazunguka kwa mfereji, gari likaondoka nikiona taa zake za nyuma. Mara ya kwanza hiyo.

Siku tisa baadaye mwenye mbao naye akaweka geti na kufuli. Mara ya pili. Ikabaki kuzunguka kwa mfereji tu, na mwisho wake lazima nikatize uani kwa Mama Zuhura.

Ijumaa yake Mama Zuhura akanikalisha. Nikajua kabla hajasema.

"Nisamehe mwenzangu. Uani najenga fremu mbili, mafundi wanaanza Jumatatu. Na mimi wanangu wasome."

Sikumlaumu, ningekuwa yeye ningejenga tatu. Nilimwambia Ambakisye usiku ule ule kwamba njia zote zimeisha, imebaki barabara. Akasema, "Tutaona." Mwanaume akisema tutaona, jua utaona peke yako.

Jumatatu.

Ukungu wa Tukuyu mnaujua, na manyunyu juu yake. Nilisimama chini ya ile kona nikasikia injini ya gari inaunguruma. Niliogopa, sitadanganya hapa. Nikawaza nirudi nyumbani nikachambue mchele. Halafu nikawaza ule ukuta wa tofali. Watu wa mji huu wamejenga watakavyo, kila mmoja kafunga njia niliyokuwa napita, na hakuna aliyeitwa kikao. Mimi tu ndiye niliyetakiwa kupungua mpaka nitoshe kwenye nafasi iliyobaki. Hasira ikanishika, na nashukuru ilinishika.

Ile khanga ya kichwani nikaivua, nikaifunga kiunoni. Nikapanda barabarani katikati.

Alikuwepo. Tukatazamana. Zaidi ya mwaka nimeishi kwa yule mzee na nilikuwa sijui kama ana kipara. Masikio ni ya Ambakisye kabisa.

"Shikamoo baba," nikasema.

Kikombe kikamwanguka. Akasimama, akaingia dukani, akavuta mlango. Wanawake vibarua waliokuwa juu ya gari wananitazama kama nimevua nguo. Nikapanda, nikakaa, tukaenda Mpuguso. Nilipima kahawa siku nzima na sikukosea hata gunia moja.

Jumanne nikapita. Jumatano nikapita. Kila siku mzee anakimbilia ndani na mlango unafungwa mpaka gari liondoke, na wateja wake wa asubuhi wanavuka kwenda duka la pili.

Jumapili nikaitwa kikao.

Hapa msicheke. Baba mkwe hawezi kukaa chumba kimoja na mimi, kwa hiyo yeye aliwekwa chumba cha pili, kati yetu pazia. Baba mdogo wa Ambakisye akawa mpeleka maneno. Mzee anaongea, wote tunamsikia, halafu baba mdogo anageuka kwangu.

"Kaka anasema umemwaibisha mbele ya mji."

"Mwambie baba nimemsalimia."

Baba mdogo akaligeukia pazia. "Anasema amesalimia."

Ikaendelea hivyo saa nzima. Mama mkwe analia. Ambakisye anatazama vidole vyake vya miguu, na kwa hilo nimemkasirikia mpaka leo. Anajua, na humu anasoma. Mwisho baba mdogo akaona anilainishe.

"Mwanangu, kama mtoto angekuwa anaumwa unamkimbiza hospitali, Igogwe au wapi, tungeelewa. Lakini kwa kazi tu?"

"Baba mdogo, mimi hata mtoto sina," nikamjibu. "Kwa hiyo nisubiri nizae, kisha mtoto augue, ndio nipate ruhusa ya kupita barabarani?"

Wakatoa uamuzi wao. Niache kazi, au nirudi Tabora kwa baba yangu.

Nikasimama. Nikaongea kwa sauti ya kufika nyuma ya pazia.

"Kazi siachi, na Tabora siendi, nimeolewa hapa. Njia za nyuma zimejengwa zote, mkanionyeshe hata moja iliyobaki nitaipita kesho. Kama hakuna, saa kumi na mbili na nusu napita barabarani. Mimi sitamtazama. Asiyetaka kuniona, shingo ni ya kwake."

Nikatoka. Nililia jikoni, ndiyo, nililia sana. Lakini nililia nikiwa napiga pasi sketi ya kesho.

Kesho yake nikapita. Duka lilikuwa wazi. Mzee alikuwepo kwenye benchi lake, ila benchi lilikuwa limegeuzwa. Amekaa anatazama ukuta wa duka lake mwenyewe, kisogo kwa barabara, chai mkononi. Wateja wanampa hela kwa juu ya bega. Gari lilipoondoka, wenzangu wakaona anasimama, anageuza benchi lake, anakaa tena kama kawaida.

Ikawa ndio utaratibu, wakuu. Miaka. Hakuniomba msamaha, sikumwomba. Watu walimcheka, akawaacha wacheke. Mimi nilisemwa sokoni, kwamba mke wa Tabora hana adabu, kamgeuza mzee wa watu. Nikawa nanunua nyanya zangu naondoka. Kazini nilithibitishwa.

Nimalizie na hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka uliofuata, masika, mvua kubwa usiku kucha. Nikateleza pale kwenye mteremko, nikaanguka na matope, nikachelewa. Dereva alikuwa mpya. Niko chini ya kona nikasikia gia inaingia, gari linaanza kuondoka. Sikuwa na pumzi ya kupiga kelele.

Nikasikia sauti ya mzee, kubwa, ya mtu aliyewahi kuwa na wafanyakazi chini yake.

"Dereva, simama. Bado mmoja."

"Nani mzee? Simwoni mtu."

"Anakuja. Miguu yake naijua."

Nikatokea kwenye kona nimelowa, matope mpaka usoni. Yeye uso uko ukutani, hajageuka hata nusu. Mkono wake mmoja tu umenyooshwa nyuma, umezuia gari.

"Ndaga, baba," nikasema nikipita. Asante, ndio maana yake.

Akashusha mkono akachukua chai yake. Nikapanda gari.

Sasa kuna watakaosema humu kwamba nilivunja mila, na kuna watakaosema mzee alikuwa mkoloni. Wote mtanisamehe. Yule mzee mila yake aliishika mpaka mwisho, na kazi yangu aliilinda kwa mgongo wake. Hakuna kati yetu aliyerudi nyuma. Ila mjue hili: benchi lisingegeuka kama mimi ningeendelea kutafuta uchochoro.

Mtu akikwambia njia si yako wakati njia nyingine zote kashajenga, pita. Salimia, lakini pita.

Na yule jamaa wa juzi, mimi nakuelekeza popote Tukuyu, mbele na nyuma, chagua.

Wenye maoni karibuni. Wenye matusi nao waje. Nimeshapita mbele ya baba mkwe, nitashindwa kupita mbele yenu?