Makande Yaliyoiva Bila Moto

Harufu ya mkonge unaokamuliwa haimpendezi mtu, lakini mimi hunichangamsha hadi leo. Ni harufu ya majimaji ya kijani yaliyochacha. Ilitoka korona, kiwanda cha kukamulia majani ya mkonge, ikaingia kambini kwetu na kukaa kwenye nguo, kwenye mito, hata kwenye chai. Tuliishi katika shamba moja kubwa upande wa Muheza, miaka ya hamsini. Baba alikuwa mkata mkonge, na mama alikuwa mtu ambaye machoni pake hakuna takataka. Makumbi ya nazi yalisugua sufuria zikang'aa, na machicha yalisugua sakafu. Kopo la maziwa lilitobolewa likawa koroboi. Nyama ya mbuzi mzee ilifungwa kwenye majani ya mpapai, ikitoka humo imelainika, na mbuzi mwenyewe angeshangaa. Majani ya chai yakiisha tulikunywa mchaichai, na mama alituambia kwamba watu wenye adabu hawaulizi chai iko wapi. Nilidhani kila nyumba duniani inaishi hivyo.

Masika ya mwaka ule nilioanza darasa la kwanza, mama alipata kazi brashi, chumba cha korona ambamo wanawake walichambua na kusafisha singa, zile nyuzi nyeupe za mkonge. Tulifurahi sana, maana ada na sare yangu vilitoka hapo. Lakini alitoka alfajiri, akarudi saa nane mchana, na baba alikuwa amekataza tusiguse moto tangu mdogo wangu Petro, mtoto wa miaka mitatu, alipotia mkono kwenye majivu yenye makaa. Kwa hiyo mchana nilimlisha Petro muhogo wa jana, baridi kama jiwe la mtoni, nami nikala kilichobaki, kisha nikamwacha kwa jirani nikakimbilia shule, kwa kuwa darasa letu liliingia mchana.

Katika hali hiyo akaja shangazi, dada mkubwa wa baba, kutoka Maramba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini huyu alikuja tuumwe. Alimshika Petro mbavu, akazihesabu kwa kidole, kisha akamgeukia mama.

"Wifi, mtoto halishwi kwa mshahara, hulishwa kwa chakula," alisema. "Jumamosi narudi kwangu. Wakiwa bado wanakula baridi, nitaondoka nao wote wawili."

Baba aliinamisha kichwa. Kwa dada yake huyo hakuwa na sauti. Mimi nililia, kwani Maramba kwa shangazi shule ilikuwa mbali mno, na nilijua nikienda kule nitakuwa mtu wa shamba na kuni. Mama hakulia wala hakubishana. Jioni ile alikwenda tena korona, akarudi na gunia la singa fupi, zile zinazofagiliwa sakafuni brashi baada ya kazi. Akachukua kasha la mbao lililokuwa la chai, akalitandika gunia kuukuu, akashindilia singa chini na pembeni, katikati akaacha shimo la ukubwa wa sufuria. Mimi na Petro tulimzunguka tukiruka-ruka, hatujui kinachofanyika, lakini tukiwa na hakika kwamba ni kitu kikubwa.

Ijumaa alfajiri alibandika makande, mahindi yaliyokobolewa na maharage, yote yamelala majini tangu jana yake. Yakachemka kwa nguvu kwa muda mrefu wakati yeye akichota maji na kufagia. Kisha akaitia sufuria kashani na mfuniko wake, akaifukia kwa singa, akafunga. Alinishika mabega. "Moto umo ndani tayari, Anjela. Ukifungua, unautoa. Usifungue mpaka saa sita."

Nilifungua mara tatu. Sina cha kujitetea. Mara ya kwanza nilitaka kuona kama kweli. Mara ya pili niliwaita watoto wa jirani, nikawaonyesha mvuke kama mwenye sinema. Mara ya tatu Petro alitaka aone naye, na mimi ni dada mwema. Saa sita makande yalikuwa vuguvugu na magumu, Petro akayatema moja moja. Shangazi aliziokota punje zile sakafuni moja moja, jambo lililoniuma kuliko kama angenipiga. Jioni nilipotoka shule nilimweleza mama yote nikilia kwa kwikwi. Alinifuta uso kwa upindo wa kanga. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema, akaloweka mengine.

Jumamosi hakukuwa na shule, na korona ilifunga saa sita. Mama aliyachemsha makande na kuyafukia kama jana, na alipotoka hakunikumbusha lolote. Nikapanda juu ya kasha, nikakaa. Nilikaa tangu jua halijapata joto, matako yakafa ganzi, Petro akilala kwenye mapaja yangu. Kila nilipohisi uvuguvugu wa mbao chini yangu nilicheka moyoni, nikajua kazi inaendelea.

Shangazi alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake, pamoja na nguo zetu. Akaja akasimama mbele yangu.

"Shuka, mwanangu, nifunue nione."

"Shikamoo, shangazi," nilisema, ingawa nilikwisha kumwamkia asubuhi.

"Marahaba. Shuka."

"Sishuki, shangazi. Naomba radhi, lakini sishuki."

Sikuwahi kumkatalia mtu mzima. Kwetu hilo lilikuwa jambo la fimbo, na mtoto wa hivyo alisemwa kambi nzima. Nilimbana Petro mpaka akaamka. Shangazi alinikazia macho, nami nikayaangalia magoti yangu. Kisha akavuta kigoda, akakaa pale pale kunisubiri, mkono shavuni.

King'ora kilipolia, mama alikuja mbio, singa zimemjaa nywele kama mvi. Aliponiona nimekaa pale alisimama kwanza, akapumua. Nikashuka. Mama akafukua, akainua mfuniko, na mvuke ukatupiga wote usoni. Nafaka zilikuwa zimepasuka, maharage yamevimba na kulainika. Nilipiga kelele za furaha, Petro akapiga zake bila kujua sababu. Shangazi alichukua punje moja, akaiponda kwa vidole viwili, akaila. Akala sahani nzima, kisha ya pili. Mwisho alimuuliza mama kwa sauti ya chini kama brashi wangempa na yeye singa kidogo.

Lori la Maramba liliondoka alasiri. Mahali petu nyuma ya shangazi palikaa gunia la singa, na nguo zetu zilirudi msumarini.

Siku hizi binti yangu anafanya kazi mjini Tanga, nami nakaa kwake kuwaangalia wanawe. Ana jiko la gesi na chungu cha umeme kinachojizima chenyewe, na bado hupiga simu mara tatu kabla ya saa sita: Mama, wamekula? Wamekula nini? Simlaumu, na sioni kwamba sisi tulikuwa hodari zaidi. Ila kila simu inapolia namwona mama mle brashi, mikono kwenye singa tangu alfajiri, asijue kama akirudi atatukuta. Hakuwa na wa kumpigia. Alikuwa na mtoto wa miaka saba aliyekwisha kumwangusha mara moja, na aliondoka kwenda kazini asubuhi ile bila kunikumbusha neno.