Mgongo Uliokuwa Ukuta

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa kule Cabramatta, nimetoka kazini, viatu vya ghalani bado viko miguuni, nikasikia nyuma yangu sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa karibu tangu utotoni. Ilikuwa pumzi ya mtoto. Ilitoka nyembamba, kama upepo unaopita kwenye tundu la bati. Sikugeuka. Mgongo wangu ulijinyoosha wenyewe, mabega yakatanuka, na magoti yakataka kukunjika niketi palepale sakafuni, kati ya rafu ya dawa za meno na rafu ya mafuta ya kujikinga na jua.

Watu wote walimpisha mama wa yule mtoto. Mwenye duka, mama wa Kivietinamu wa rika langu, akatoa ile pampu ya buluu ya pumu, mtoto akavuta mara mbili, akasubiri, akavuta tena. Kabla sijafika kaunta alikuwa anadai pipi. Basi, ikaisha hivyo. Hapa Sydney dawa ile hata cheti cha daktari haihitaji.

"Wewe tena?" mwenye duka akaniambia zamu yangu ilipofika. Tunaongea Kiingereza cha watu waliojifunza ukubwani, kila mmoja na chake. "Huyo mdogo wako anazila hizi pampu?"

"Hajapata hata moja."

"Bado hujapata msafiri?"

"Bado."

Akaitia kwenye mfuko wa karatasi, polepole kuliko ilivyohitajika. "Kwetu, wakati wa vikwazo, shangazi yangu alikuwa anatutumia dawa kutoka Ufaransa. Alizifunga ndani ya vitambaa vya kushona."

"Zilifika?"

"Nyingine," akasema.

Kwa ajili ya hilo neno moja ninaendelea kununua.

Ngoja nikueleze habari za mgongo huu, rafiki yangu, maana umenisindikiza maisha yangu yote na sijawahi kuusimulia.

Tulikulia kambi ya mkonge, upande wa Korogwe. Nyumba zilijengwa kwa mstari, vyumba vimepeana migongo, jirani akikohoa wewe unasema pole. Korona, ule mtambo wa kukamua majani ya mkonge, ulianza kunguruma alfajiri, na harufu ya takataka zake, chachu na nzito kama pombe iliyoharibika, ilikaa kwenye nguo, kwenye maji, mpaka kwenye ugali. Wageni walishika pua. Sisi tulikuwa hatuisikii. Juzijuzi nilipita nyuma ya kiwanda kimoja kule Granville, mvua imenyesha juu ya maboksi yaliyooza, nikaisikia. Nikasimama hapo kama mjinga.

Baba alikuwa mkataji, mama alipiga brashi singa, zile nyuzi za mkonge. Mama alitangulia, na mwaka haujaisha baba akamfuata. Mimi nilikuwa darasa la sita, mdogo wangu hajang'oa hata jino la kwanza. Ndugu walikuja matangani, na matanga yalipovunjwa wakakaa kikao: mimi niende kwa baba mkubwa, mdogo wangu aende kwa shangazi, siku mbili za safari kutoka huko kwa baba mkubwa. Nikasimama mlangoni nikasema sisi hatugawanywi kama sukari ya ugawaji. Mtoto kusema vile mbele ya wazee! Lakini nadhani walifarijika. Kila mmoja wao alikuwa na midomo yake ya kulisha.

Nimetaja ugawaji, na wewe uliyekuwepo unajua nasema nini. Ilikuwa ile miaka ujamaa ulipokuwa umechoka. Shule bure, zahanati bure, hilo lilikuwa kweli na hakuna anayeweza kuninyang'anya. Lakini sabuni, sukari, mafuta ya taa, kanga, vyote viliitwa bidhaa adimu, na jina lenyewe tulilitamka kwa heshima kama jina la mgonjwa. Tulifua kwa majani ya mpapai. Chai tulikunywa huku tunalamba sukari guru, kipande kimoja kinazunguka mkono kwa mkono. Unga ulikuwa wa njano, wa msaada, unanuka gunia, na mdogo wangu aliupenda kwa sababu ya ukoko wake uliokauka vizuri. Alikuwa anaukwangua sufuriani kwa kijiko huku anaimba.

Habari za gari la bidhaa zikisikika, watu walikwenda dukani kuweka mawe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, linakushikia nafasi wakati wewe uko shambani. La kwetu lilikuwa na doa jeupe, mama ndiye aliyeliokota. Siku moja mwanamume fulani akalisukuma kwa kidole cha mguu.

"Jiwe la nani hili?"

"La yatima," akajibu mama jirani, ambaye chumba chake na chetu viligawana ukuta. "Ukilisogeza, umesogeza na kaburi la baba yao."

"Nimeuliza tu, shemeji."

"Uliza kwa mdomo. Mguu unauliza nini?"

Watu wakacheka mpaka muuzaji akafungua dirisha kutazama. Akatangaza kwamba sabuni hakuna, sukari hakuna, kuna viberiti na majembe.

"Basi tukaoge na majembe!" mama jirani akasema, akachukua viberiti vyake.

Nacheka hata sasa. Lakini nikiyakumbuka mawe yale yote yamepangwa kwenye vumbi, yanasubiri kitu ambacho hakikuja, kicheko hakifiki mbali.

Mdogo wangu alikuwa na pumu. Vumbi la mkonge lilimwanzishia akiwa bado mgongoni mwa mama. Ilipomshika mara ya kwanza baada ya sisi kubaki peke yetu, nilimbeba mpaka zahanati nikikimbia, mikono yake shingoni mwangu, filimbi ya pumzi yake sikioni. Mganga alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililotushinda, kwa sababu mtu mbaya ungepata wa kumlaumu. Alichukua ufunguo, akafungua kabati la dawa mbele yetu, milango yote miwili, ili tuone. Kioo cha kabati lile kilikuwa safi kuliko kioo chochote kambini. Hakukuwa na kitu ndani cha kukichafua.

"Mketishe wima," akaniambia. "Asilale chali. Mketishe wima, na wewe usiogope, maana atakusikia."

Kuketi wima kunahitaji pa kuegemea. Benchi la zahanati halikuwa na mgongo, na nyumbani tulikuwa na mkeka. Kuta za chumba chetu zilimwaga vumbi ukizigusa. Basi niliketi chini, nikampa mgongo wangu, naye akaegemeza wake. Nikavuta pumzi ndefu, nikaitoa taratibu, kama mtu anayelala. Ya kwake ilikuwa inakimbia kama kuku anayefukuzwa. Niliendelea na yangu. Sijui tulikaa muda gani. Korona ilinguruma, ikanyamaza kwa chakula cha mchana, ikanguruma tena. Mahali fulani katikati, pumzi yake ikaanza kuja nyuma ya yangu.

Kuanzia siku hiyo, kifua kikianza kumbana, hakulia wala hakuita mama. Alisema, "Kaka, ukuta." Nami popote nilipokuwa niliketi. Kwenye foleni, njiani, mara moja katikati ya uwanja wa mpira, wenzangu wananipigia kelele nitoke. Mama jirani alituletea maji ya moto ya kivumbasi avute mvuke, akituimbisha msemo wake: "Pumzi ni mgeni, mgeni hakimbizwi."

Ndiyo sababu niliacha shule. Watu hudhani ni njaa tu. Njaa ilikuwepo, na nilipata kibarua cha kuanika singa, lakini uwanja wa kuanikia ulikuwa karibu na nyumba, na shule ilikuwa mbali. Mwalimu alikuja kunifuata. Aliketi mkekani kwetu, akasema sheria inataka mzazi asiyempeleka mtoto shule ashitakiwe. Akatazama chumba, akatazama mdogo wangu anayekwangua ukoko. "Sasa mimi nimshitaki nani?" akauliza. Alikunywa chai ya guru, akatoa kipande cha chaki mfukoni, akampa mdogo wangu. Mlango wetu ukawa ubao kuanzia hapo.

Alisoma, mdogo wangu. Alisoma kwa ajili yetu wawili, mpaka serikali ikamchagua kwenda kusomea udaktari Kuba. Kambi ilimsindikiza hadi stendi. Hakunikumbatia. Aligeuka mbele ya watu wote, akaniegemea mgongo kwa mgongo, tumesimama, yeye anatazama barabara na mimi natazama mashamba. Kisha uzito ule ukaondoka. Mpaka leo najua ulipoondokea, hapa, chini kidogo ya mabega.

Aliolewa hukohuko, akabaki. Mimi nilimfuata mke wangu muuguzi hadi huku. Dunia ikatuweka pande ambazo hata mchana hatushirikiani. Zamani alikuwa ananitania: "Kaka, nimevuka bahari nikarudi kambini." Shule bure, matibabu bure, na foleni. Ila kwao hawaweki mawe. Mtu anafika, anauliza "nani wa mwisho?", mmoja anainua mkono, basi unajua uko nyuma ya nani, unaenda kukaa kivulini. Alipenda sana desturi hiyo. Alisema inamfanya kila mtu awe jiwe la mwenzake.

Siku hizi hatanii. Chumba chake cha kutibia kiko chini ya ghorofa anayoishi, na mtaa mzima unamjua. Umeme unakuja kama gari letu la bidhaa lilivyokuwa likija. Maji yanaletwa na lori, au hayaletwi. Mafuta yamezuiwa, dawa hazinunuliki, meli haziji. Wengine kule wanasema ni vikwazo vya Marekani, wengine wanasema kwa sauti ya chini kwamba ni viongozi wao wenyewe. Yeye anasema kifua kilichobana hakiulizi. Anasikiliza wagonjwa wake, anajua dawa, anajua kipimo chake, na kabati ni kioo kitupu. "Unajua ninawaambia nini akina mama, Kaka?" aliniuliza mwaka huu. "Ninawaambia mketishe wima."

Mumewe alishaondoka kutafuta maisha. Nilimsihi naye aondoke. "Nikiondoka, watu wa ngazi hii yote watabaki na nani?" akanijibu. Ningemkatalia vipi? Ni mimi niliyemfundisha kukaa.

Sasa gesi ya kupikia hakuna, watu wanapikia kuni kwenye varanda, na taka zisizozolewa zinachomwa barabarani. Moshi umeirudisha pumu yake, ile ile ya kambini, miaka yote ilikuwa imelala. Kwa hiyo nanunua pampu. Kampuni moja ya vifurushi ilisema haifiki huko. Nyingine ilikipokea kifurushi changu, na baada ya wiki nyingi kikarudi mlangoni pangu, Doonside, na kibandiko juu yake. Nilijaribu benki, ili angalau anunue kwa walanguzi. Msichana wa benki aliposikia jina la nchi alisikitika kweli, akageuza kompyuta yake ili nijionee mwenyewe kwamba haikubali. Nikakumbuka yule mganga na milango yake miwili. Kanisani tuliulizana nani anakwenda upande ule wa dunia. Hakuna.

Ziko kwenye droo ya kabati, nne, katika mifuko yao ya karatasi. Droo nyepesi kabisa.

Jumapili, kabla ya ibada, ujumbe wake wa sauti uliingia. Kule ilikuwa bado Jumamosi jioni. Alisema maneno machache, na kati ya kila neno na jingine ilikuwepo filimbi. "Kaka. Umeme umerudi kidogo. Ukuta."

Nilipiga simu, haikupita. Nikapiga tena na tena. Kisha nikafanya kitu pekee ninachokijua. Niliketi chini chumbani, kwenye zulia, nimevaa suruali ya kanisani. Nikabonyeza kurekodi, nikaiweka simu nyuma yangu, karibu na uti wa mgongo, nikavuta pumzi ndefu na kuitoa taratibu, kama mtu anayelala.

Binti yangu alifungua mlango. "Baba, unaumwa?" akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake.

"Nampumulia shangazi yako."

Akaurudisha mlango bila kuufunga, nikamsikia anamwambia mama yake tutachelewa.

Kambi ile haipo tena, rafiki yangu. Mkonge uling'olewa, korona iliuzwa chuma chakavu, zahanati wanasema ina popo. Mama jirani alizikwa nami niko huku, hata udongo sikumtupia. Sitamani unga wa njano, wala sitamani kufua kwa majani ya mpapai, na anayekwambia njaa ilikuwa tamu hakuwahi kulala nayo. Lakini siku zile, kati ya mdogo wangu na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa, hakukuwa na bahari, wala benki, wala nchi inayoizuia nchi nyingine. Ilikuwa fulana moja tu, tena imetoboka.

Niliutuma ule ujumbe wa pumzi. Ukaweka tiki moja, maana yake umetoka kwangu, haujafika kwake. Tulichelewa kanisani. Leo ni Jumatano, na tiki bado ni moja. Kila nikitoka kazini nakaa pale chini, mgongo wazi, nikivuta na kutoa, nikisubiri uzito wa mtu.