Nyota Iliyomwagiwa Maji

Chai ya chumba cha wahadhiri ilikuwa imefanya utando wa maziwa, na Molly Oyoo aliisukuma kando kwa ncha ya kidole, kama mtu anayemsogeza panya aliyekufa. Alikuwa amefika ukurasa wa sita wa makala aliyoiandika pamoja na Profesa Nganga, mkuu wa idara. Hapo ndipo alipoiona namba ambayo hakuiandika yeye.

Molly alifundisha fizikia katika chuo kimoja karibu na Kericho. Mamake, Jerusa, alitoka upande wa ziwani akiwa msichana, akachuma majani ya chai mpaka akazeekea Sosiot. Kazi aliyoipenda bintiye ilikuwa ya ajabu, na Molly mwenyewe hakubisha. Ziko nyota ambazo zikifa hujikunja, nyota nzima ikatoshea kati ya Kericho na Sotik na nafasi ikabaki, ilhali uzito wake unalishinda jua. Molly aliamini kwamba huko ndani nyutroni, chembe za kiini cha atomu, hubanwa hadi zikapoteza umbo, kama majani yaliyoshindiliwa guniani yakawa uji. Uji huo ni kwaki, punje zinazoiunda nyutroni, ambazo hakuna aliyewahi kukuta hata moja ikitembea peke yake. Kwa miaka mingi alikuwa akiunda hesabu za uji huo, na tatizo lake lilikuwa lile lile: nyota yake ilikuwa laini mno. Wapimaji wa anga wamekwisha kuziona nyota zenye uzito wa majua mawili. Yake, kabla ya kufika huko, iliporomoka.

Kwenye ukurasa wa sita haikuporomoka. Nganga alikuwa ameipandisha ile nguvu inayozifanya kwaki zisukumane, akaipandisha mpaka nyota ikasimama, kisha akaandika kwamba namba hiyo imetokana na nadharia yenyewe.

Molly alisikia harufu ya zamani puani. Utotoni, kituoni Sosiot walikopimia majani ya chai, walikuwapo waliomwagia majani yao maji ya ndoo njiani ili mizani ipande. Gunia lilipata joto, majani yakawa meusi, yakanuka kama matapishi. Kipkurui, karani wa majani, alitumbukiza mkono hadi kwapani, akatoa konzi moja na kuifinya. Mvua ilikuwa na desturi yake: ukija na majani ya mvua unasema mwenyewe, karani anakata uzito wa maji, mnaagana vizuri. Lakini majani ya ndoo yalimwagwa barabarani, yakakanyagwa na ng'ombe, na mwenyewe akaenda nyumbani na gunia tupu, watu wakiziba pua.

Alimkuta Nganga ofisini akitafuna hindi la kuchoma. Akamuuliza namba ile imetoka wapi. Nganga alimweleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba kusukumana kwa kwaki si uzushi wake, ni jambo linalotumiwa dunia nzima. Hilo Molly hakulikana. Alichotaka ni waandike wazi kwamba waliichagua namba huku wakitazama jibu, ili msomaji akate maji mwenyewe.

"Tukiandika hivyo, Daktari, nani atachapisha?" Nganga alisema. "Na cheo chako kinangoja makala hii. Ama unataka kubaki hapo hapo kama kisiki cha chai?"

"Hii si mvua, Profesa. Hii ni ya ndoo."

Nganga, aliyekulia mjini dukani kwa babake, hakuelewa, wala hakuuliza. Punje ya hindi ilimning'inia kidevuni. Aliitafuta kwa ulimi, akaipata, akaimeza. Molly aligeuza uso.

"Toa jina langu."

"Utajuta, mama."

"Afadhali kujuta. Nikikaa humo nitanuka."

Makala ilitoka. Jina la Molly halikuwa juu, na cheo kilimwendea mtu mwingine. Aliisoma hata hivyo, mstari kwa mstari, hadi mwisho kabisa, mahali pa shukrani, ambapo Profesa alimshukuru Daktari Molly Oyoo kwa mazungumzo yenye manufaa makubwa.

Mchumaji mjanja, majani anayoyaonea haya huyashindilia chini kabisa ndani ya gunia, na jina la Molly lilikuwa bado limo humo.

Molly alitoka hadi bombani akanawa mikono, akainusa, akanawa tena. Kisha akarudi mezani kwa nyota yake, ile inayoporomoka.